Manukato ya Afande Poda

Jina la Poda alipewa na wafungwa, na alilipata kabla hata sare yake ya kwanza haijapauka. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa mama yake. Wengine wote, kuanzia wapishi wa gereza hadi mkuu wa gereza mwenyewe, walimwita Afande Poda, na yeye aliitika.

Ukimwona kwa mbali usingedhani jina hilo ni lake. Alikuwa mwanamke wa miraba minne, sauti nzito, na funguo za bloku ya akina mama zilining'inia kiunoni zikilia kila alipopiga hatua. Hakuwa mtu wa kucheka hovyo. Mfungwa aliyechelewa kwenye mstari alijua atapiga deki korido nzima, na aliyejaribu kumletea hadithi ndefu aliambiwa aruke katikati, aje na mwisho. Ila ukimkaribia ndipo ulipochanganyikiwa. Mwanamke huyu mwenye uso wa kufuli alinukia kama mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa.

Manukato yale alichanganyiwa na dada yake, aliyekuwa na kibanda cha marashi sokoni, chembamba kiasi kwamba mteja mnene aliingia ubavu ubavu. Poda alikuwa mpya kazini wakati huo, na binti yake alikuwa bado ananyonya. Kila aliporudi nyumbani alikuja na harufu ya gereza: chuma, dawa ya kusafishia vyoo, na mablanketi yasiyokauka sawasawa. Mtoto alimgeuzia uso. Poda akaoga, akajisugua hadi ngozi ikawasha, na mtoto bado akamsukuma kifua kwa viganja vyake vidogo. Alikwenda kwa dada yake amekasirika kama mtu aliyeibiwa. Dada alichanganya vanila na miski nyeupe, akadondosha mafuta ya waridi, akaongeza kitu cha ungaunga chenye harufu ya poda ya watoto, akampaka shingoni na kwenye viwiko.

"Haya si ya kutongozea," alimwambia. "Ni ya kubembelezea. Ya kutongozea yako rafu ya juu."

Yalikuwa manukato yenye haya. Hayakumtangulia mtu chumbani kama tarumbeta. Yalikaa karibu na ngozi yakisubiri mwili upate joto, kisha yakafunguka taratibu: kwanza utamu kama wa maziwa yaliyopashwa, halafu ua lililokaukia katikati ya nguo, na mwisho ule unga laini usiokwisha, unaomfanya mtu atake kulaza kichwa mahali. Binti alilala siku hiyo hiyo. Poda naye hakuyaacha tena. Mwaka hadi mwaka yaliingia kwenye kola ya sare, kwenye mkanda, hata kwenye kamba ya funguo, mpaka katika korido ile isiyopitisha upepo mtu aliweza kumnusa kabla hajakata kona. Mumewe, dereva wa gari la maji, alikuwa akiwaambia wenzake kwamba ameoa askari lakini wageni wakija nyumbani wanauliza mtoto amezaliwa lini.

Miaka ile ya mwanzo wanawake wa bloku waliyapenda. Mfungwa mgeni aliwahi kuwauliza wenzake ni nani kati yao amejifungua karibuni, nao wakamjibu asiwe na haraka, huyo mchanga atakuja mwenyewe kumfokea. Aliyepata habari ya msiba kutoka nje alitafuta sababu ya kusimama karibu na Poda kwenye mstari. Poda alijua, na hakusogea. Ndiyo huruma pekee aliyojiruhusu kazini, na aliona inatosha.

Sasa, katika bloku ile walikuwamo pia watoto. Wengine waliingia tumboni mwa mama zao, wengine mgongoni. Sheria iliwaacha wakae hadi wafikie umri wa kula wenyewe na kusema wanachotaka, halafu ndugu alikuja kuwachukua, au mtu wa ustawi wa jamii akawapeleka kwenye kituo. Kabla ya siku hiyo walikua humo humo. Walijua kusimama mstari kabla ya kujua kukimbia.

Siku moja alikuwa anatolewa mtoto wa kiume, mbishi, ambaye alimng'ata mtu wa ustawi mkono na kupiga mateke mpaka kiatu kikaruka. Mama yake alikuwa amekamatwa na askari wawili, analia kwa sauti ya kukereza. Poda alikuwa anapita tu. Akanyoosha mikono, akampokea yule mtoto ili mtu wa ustawi apate kushika mkono wake unaovuja damu. Mtoto akaweka pua shingoni mwa Poda. Akalia kwa kwikwi mara chache, akalegea, akalala. Poda akatembea naye hadi langoni bila hata mguno, na nyuma yake mama mtu naye alinyamaza, maana hakuamini alichokiona.

Mkuu wa gereza aliona yote kutoka dirisha la ofisi yake. Hakuwa mwanamke katili. Katika kituo alichotoka alikuwa ameshuhudia mama akijigonga kichwa kwenye lango la chuma wakati mtoto wake anaondoka, na tangu hapo aliamini kwamba mambo kama hayo hufanywa upesi na kimya kimya, kama jino linavyong'olewa. Alimwita Poda akamwambia kwamba kuanzia leo watoto watatoka kwa mkono wake.

Poda aliichukua kama sifa. Utaratibu ukawa huo: mama haambiwi kitu, mtoto anaambiwa anakwenda kliniki kupimwa uzito, Poda anambeba, mtoto analala, lango linafunguliwa. Mama aliambiwa baadaye. Kama alilia, alilia wakati Poda yuko langoni na hasikii. Nyumbani alimsimulia mumewe kwa fahari kwamba siku hizi watoto wanatoka bila vurugu. Mumewe alimwuliza na mama zao je, naye akasema hao watazoea.

Mambo yaligeuka polepole, kama maziwa yanavyochacha huku sufuria imefunikwa. Kwanza akina mama waliacha kuimba alipoingia koridoni. Halafu akaanza kusikia, kabla hajakata kona, sauti ya miguu midogo ikivutwa sakafuni. Kisha mchana mmoja aliingia bwaloni wakati wa chakula, akaona. Kutoka meza hadi meza, mama mmoja baada ya mwingine alimwinua mtoto wake na kumpakata, bila kumtazama Poda, bila kuacha kula, kama watu waliohisi manyunyu wakaanza kuanua nguo. Poda aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeogopwa hivyo. Hapakuwa na mtu nyuma yake.

Alimwuliza mfungwa wa zamani aliyekuwa kiongozi wa jikoni, mama mtu mzima asiyemwogopa yeyote. Yule mama aliendelea kuchambua mchele.

"Afande, siku hizi wakikunusa wanahesabu watoto," alisema. "Wewe ulidhani wananusa nini?"

Jumapili iliyofuata binti yake, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu, alikuja nyumbani na mwanawe mchanga. Mtoto alikuwa anasumbuliwa na tumbo, analia tangu asubuhi. Bibi akampokea, akamweka begani, na kama kawaida ya watoto wote mikononi mwake, mtoto akalia kwa kwikwi, akalegea, akalala. Poda akawa anatembea naye chumbani taratibu. Hakuwa anafikiria kitu. Alikuja kushtuliwa na sauti ya binti yake.

"Mama, unampeleka wapi?"

Poda alijikuta amesimama mlangoni, mkono wake mmoja uko kwenye kitasa. Alimrudishia binti yake mtoto haraka haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akaenda jikoni akakaa kwenye kigoda. Binti alimfuata akamwuliza kama anaumwa, akasema ni uchovu.

Kesho yake alipita kwa dada yake sokoni, akamweleza kidogo, si yote. Dada alisema jambo rahisi, aache kuyapaka. Poda akamwambia hawezi, akiyaacha atabaki ananuka kazi.

"Na sasa hivi unanuka nini?" dada aliuliza.

Poda aliondoka bila kuaga vizuri, na kwa siku kadhaa hawakuzungumza. Asubuhi aliendelea kujipaka kama kawaida, shingoni na kwenye viwiko, maana mkono ulishazoea njia. Kila alipofunga kichupa alijiambia kwamba ataliangalia jambo hili.

Katika bloku nzima alikuwa amebaki mtoto mmoja tu aliyemkimbilia. Walimwita Chiriku, kwa sababu hakujua kunyamaza. Aliongea na ndoo, aliongea na mabomba, aliwapa mafagio majina ya watu. Mama yake alikuwa Msusi, msichana mwembamba mwenye vidole vyepesi, aliyewasuka wafungwa wenzake kwenye baraza la chumba cha kufulia. Alifungwa kwa kummwagia mumewe maji ya moto. Mume alipona, ila uso wake haukurudi ulivyokuwa. Msusi aliingia na mimba changa. Mahakamani, walivyosema waliokuwapo, hakujitetea zaidi ya maneno machache, na gerezani hakusema kabisa. Wenzake walipoanza kuficha watoto wao, yeye hakuficha. Hakuwa na wazazi, na ndugu za mume hawakuwahi kukanyaga gerezani. Aliamini mwanawe hana wa kumtaka.

Basi asubuhi moja Mkuu alimwita Poda ofisini akamwambia kwamba amepatikana. Ni shangazi wa mtoto, dada wa yule mume aliyeungua. Mtu wa ustawi alimtafuta, shangazi akakubali, na sasa yuko mapokezi tayari. Mtoto atoke kabla ya chakula cha mchana.

Poda alibaki amesimama. Alisema kwamba huyu mama angeambiwa kwanza, hasa kwa kuwa anayekuja ni upande wa mume. Mkuu aliweka kalamu chini. Alimkumbusha, bila kupandisha sauti, kuhusu yule mama wa kule kituo cha zamani na damu iliyobaki kwenye lango.

"Ukimwambia mapema, utakuwa umempa muda wa kuumia," alisema. "Nenda, Afande. Kliniki, uzito, halafu lango."

Na Poda akaenda. Baadaye, katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo lililomkaa kooni zaidi: kwamba alikwenda.

Msusi alikuwa barazani anasuka. Mfungwa mmoja alikaa mbele yake chini, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Chiriku alikuwa anaigombeza ndoo. Alipomwona Poda aliacha ugomvi, akakimbia, akamkumbatia magotini na kusukuma uso kwenye sare yake. Poda aliinama.

"Chiriku, twende kliniki tukapimwe uzito."

Kitana kilisimama kichwani mwa yule aliyekuwa anasukwa.

"Alipimwa juzi," Msusi alisema.

Poda alikuwa ametoa amri maisha yake yote. Angeweza kusema lolote: mizani iliharibika, daktari mpya amekuja. Alibaki ameinama, mkono wake mgongoni kwa mtoto, na ule ukimya ukasema kila kitu.

Msusi hakupiga kelele. Alimdaka mtoto mkono, akaingia naye chumba cha kufulia, mlango ukabamizwa, na mara ikasikika meza nzito ya kupigia pasi ikikwaruza sakafu mpaka ikagota mlangoni. Yule wa kichwa nusu bado alikuwa amekaa chini, macho yamemtoka.

"Afande," alisema kwa sauti ndogo, "ana wembe. Ule wa kukatia nyuzi."

Filimbi ilipigwa. Wafungwa wote waliingizwa vyumbani na milango ikafungwa, na kwa muda mfupi baraza lilijaa viatu vya askari. Wawili walikuja na mtaimbo. Mkuu alikuja amevaa kofia, akasimama, akasikiliza. Ndani, Chiriku alikuwa anauliza kama wanacheza kujificha. Mama yake alimjibu kitu ambacho hakikusikika. Kisha mtoto akaanza kulia, si kwa nguvu, kilio cha mtu ambaye hajaelewa bado.

"Mkivunja mlango msinilaumu," Msusi alisema kutoka ndani.

Hakuna aliyejua anamsema nani: yeye mwenyewe, mtoto, au wa kwanza kuingia. Wale wenye mtaimbo walitazamana.

Mkuu alimvuta Poda pembeni. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja la nondo upande wa kamba za nguo. Alimwagiza aende pale, aongee na mtoto, mtoto amsikie, amnuse, amfuate dirishani mbali na mama yake, na hapo hapo mlango utavunjwa. Hakukuwa na muda wa kubishana. Poda alizunguka jengo, nguo mbichi zikimpiga usoni, akafika dirishani.

Msusi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea meza, mtoto katikati ya magoti yake. Wembe ulikuwa katikati ya vidole viwili, umeshikwa kwa wepesi ule ule aliosukia. Kilichomtisha Poda ni kwamba mkono wake haukutetemeka.

"Rudi nyuma," Msusi alisema bila kugeuza kichwa. "Harufu yako imeshaingia."

Chiriku alinyanyua uso uliolowa, akanyoosha mkono kuelekea dirishani. Mama yake akaushusha.

"Nilipokuwa na mimba yake nilikuwa natapika kila kitu," Msusi aliendelea, na sasa alimtazama. "Ukipita wewe, natulia. Nilikuwa nakaa mlangoni nakusubiri upite. Nikasema huyu ana mambo ya mama. Kumbe panya, Afande. Unatuuma huku unatupuliza."

Poda alishika nondo. Nyuma yake, kwenye kona ya jengo, Mkuu alikuwa ananyoosha mkono kuwaonyesha wenye mtaimbo wasubiri ishara.

"Nimekudanganya," Poda alisema. "Haendi kupimwa. Wifi yako yuko mapokezi. Amekuja kumchukua."

"Leo?"

"Leo."

"Na mimi ningejua lini?"

"Ungemtafuta usimwone, ndipo ungeambiwa."

Mkuu alimwita kwa ukali mdogo wa meno yaliyofungwa. Poda hakugeuka. Ndani, Msusi alikuwa amefumba macho. Alisema kwamba watu wale watamfundisha mwanawe kwamba mama yake ni mnyama, na atakua analijua hilo tu, na kama ni hivyo bora lolote. Aliposema lolote alimkumbatia mtoto kwa mkono wenye wembe, na Poda akaachia nondo.

Alirudi kwa Mkuu akamwomba yule shangazi aletwe dirishani. Mkuu alikataa. Mgeni haingii kwenye bloku, ndiyo kanuni, na zaidi ya hapo ndugu za mume ndio petroli kwenye moto. Aliwageukia wenye mtaimbo. Ndipo Poda alipofungua kamba kiunoni, akaziweka funguo chini miguuni mwa Mkuu. Zilitoa mlio mkubwa kuliko alivyokusudia.

"Vunjeni," alisema, "lakini mimi dirishani sirudi. Na damu ikimwagika, atakayeniuliza nitamwambia niliomba shangazi mtu, nikanyimwa."

Askari wote walitazama chini. Mkuu alimkazia macho kwa muda, uso umemkauka. Kisha alimwambia mmoja wao akamlete yule mwanamke, upesi.

Shangazi alikuwa mwanamke mfupi, ndala zimejaa vumbi la safari, mkononi kafuko kenye viatu vipya vya mtoto. Aliona mtaimbo, akaona nyuso, na alielewa nusu. Poda alimsindikiza hadi dirishani akamwachia nafasi.

"Wifi," shangazi aliita. "Wifi, ni mimi."

Chiriku alinyamaza, kwa kuwa hakuwahi kusikia mtu akimwita mama yake hivyo.

"Mnataka nini tena kwangu?" Msusi aliuliza.

"Kaka yangu haishi kwangu. Alikuja alipotoka hospitali, nikamuuguza mpaka akapata nguvu, halafu nikamtoa." Alisogea mpaka paji la uso likagusa nondo, akainua mdomo wa juu kwa kidole kuonyesha pengo. "Mkono wake naujua tangu wewe hujaolewa. Sitamfundisha mtoto wako neno ambalo mimi mwenyewe siliamini."

Kwenye korido askari mmoja alikohoa, akaonywa.

"Kaka yako atajua mtoto anakaa wapi?"

"Kutoka kinywani mwangu, hapana."

"Analala na taa," Msusi alisema, na hapo sauti yake ilipasuka. "Hapa taa haizimwi. Giza halijui."

"Nitaiacha."

"Hali mayai."

"Basi hatakula mayai."

Waliendelea hivyo, mmoja akitaja, mwingine akipokea: kwamba akiwa na homa hasemi bali anakuwa mpole, kwamba anaogopa mbwa kwa sauti tu maana hajawahi kumwona, kwamba ukimchana nywele uanzie chini. Askari wenye mtaimbo walikuwa wameuegemeza ukutani. Mmoja wao, mama wa watoto, aligeukia upande wa kamba za nguo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mwishowe Msusi alimwuliza Poda kama yupo. Poda alisema yupo.

"Akitoka, nani anambeba?"

"Wewe," Poda alijibu. "Mpaka langoni."

Hakumtazama Mkuu, na hakuwa ameruhusiwa kusema hivyo. Aliongeza kwamba wembe utoke kwanza. Msusi aliutazama kama kitu alichokisahau mkononi, akautupa. Ulipita kwenye nondo ukaangukia karibu na kiatu cha Poda, naye akaukanyaga, akabaki ameukanyaga mpaka aliposikia meza ikivutwa.

Mkuu hakusema ndiyo wala hapana. Aliwaambia askari wakae mbali kidogo.

Msusi alimnawisha mtoto uso bombani. Akamweleza, akiwa amechuchumaa, kwamba anakwenda kukaa kwa shangazi na yeye atabaki hapa. Chiriku aliuliza kama ni mpaka kesho. Mama yake akasema ni mpaka atakapotoka, na si kesho. Alimpakata, wakaanza kutembea, shangazi upande mmoja, Poda nyuma. Kwenye madirisha ya bloku nyuso zilijaa. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyelia.

Langoni Msusi alimbusu, akamkabidhi. Hapo Chiriku akaelewa. Alilia kilio ambacho lango lile lilikuwa halijakisikia kwa miaka, kilio cha kutoka tumboni, kikaruka ukuta. Alipiga mateke, kafuko kakaanguka, viatu vipya vikatawanyika. Alimwita mama yake, na mama yake alimwitika kila mara, pasipo kumficha uso. Kisha, kwa mazoea, mtoto akamgeukia Poda na kumnyooshea mikono yote miwili.

Poda alijua kwamba akimchukua atanyamaza. Angelala kabla lango halijafunguka. Kila mtu pale alijua hivyo, na Mkuu, aliyesimama kwenye kivuli cha mapokezi, alikuwa anasubiri. Poda alirudi nyuma hatua moja, akaficha mikono yake mgongoni. Alimwacha mtoto alie.

Shangazi aliondoka naye vile vile, akilia. Sauti iliendelea kusikika mpaka mbali barabarani, na Msusi alisimama akiisikiliza hadi mwisho wake. Hakujigonga popote. Alipogeuka alisema ana kichwa cha mtu hajakimaliza.

Jioni Poda aliitwa ofisini. Alisomewa kosa la kukaidi amri mbele ya askari wenzake, na cheo alichokuwa akikitarajia mwaka ule kikapita juu kwa juu. Aliondolewa kwenye bloku, akahamishiwa meza ya upekuzi, pale wageni wanapovuliwa viatu na kukaguliwa mifuko. Mkuu hakuwahi kumwomba radhi, wala yeye hakutarajia. Lakini mtoto mwingine alipofikia umri wa kutoka, Poda alisikia kwamba mama yake aliambiwa mapema, na siku ilipofika alimtembeza mwenyewe. Alilia sana yule mtoto, walisema. Wote wawili walilia. Na aliyefuata vile vile.

Kuhusu manukato, Poda aliacha kuyapaka kazini. Haikuwa kiapo, alijisikia tu kwamba mkono haupendi tena njia ile asubuhi. Alirudi kwa dada yake, wakanywa chai bila kuzungumzia jambo lile, na kwa dada hiyo ilikuwa suluhu tosha. Mjukuu alipoletwa, Poda alijipaka kidogo shingoni, akawa anambeba akiwa amekaa.

Shangazi alitimiza neno. Alikuja na Chiriku kila siku ya wageni ilipofika. Mtoto alipita kwenye meza ya upekuzi akiinua mikono mwenyewe kama mtu anayejua taratibu, bila kumtazama Poda usoni. Miezi ya mwanzo alikuwa kimya kabisa. Halafu siku moja Poda alimsikia kwenye foleni akimweleza mgeni mwingine habari za mbwa wa jirani, aina yake, rangi yake, na ujinga wake, bila kupumua. Poda aliendelea kukagua mifuko. Hakumwita jina.

Msusi alimaliza kifungo chake siku ya jua kali. Shangazi na mtoto walikuwa wamechelewa njiani. Alitoka na bahasha ya vitu vyake, akasaini, akafika kwenye meza ya Poda, na wanawake hawa wawili wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu lile lango. Poda alikuwa na maneno aliyoyaandaa kwa muda mrefu. Msusi hakuonekana kuyahitaji. Alitazama nje, barabara nyeupe kwa joto, akauliza ni upande gani wenye kivuli wa kusubiria.

Poda alimwonyesha. Halafu akanyanyua kiti chake mwenyewe, akakitoa nje, akakiweka pale ukutani, akarudi kazini.